Kufika Koh Phangan: ndege, basi, kisha feri

Koh Phangan ni kisiwa cha Thailand kisicho na uwanja wa ndege, kwa hiyo utake usitake utamalizia na bahari. Mimi nilinunua tiketi moja ya safari nzima. Alfajiri nikapanda ndege Don Mueang, Bangkok, na baada ya saa 1 na dakika chache nilikuwa Surat Thani.

Nje ya uwanja dada mmoja akanibandika stika ya rangi kifuani. Tafadhali usiibandue! Ndiyo inayowaonyesha wahudumu kama unashukia Samui, Phangan au Koh Tao, na Kithai changu kinaishia kwenye salamu.

Basi hadi gati ya Donsak lilichukua karibu saa 2, katikati ya michikichi na miti ya mpira. Nililala kidogo.

Ila feri, jamani! Ile ya kubeba magari huenda taratibu, saa 2 na nusu hivi, nami nisingeibadilisha na boti ya kasi. Nilikaa juu, upepo usoni, nikila wali wa kunata kwa embe na tui la nazi. Mtu wa Tanga ukisikia harufu ya tui katikati ya bahari ya ugenini, unamkumbuka bibi. Nilimkumbuka sana. (Novemba usije: mvua nyingi, bahari imechafuka kwa mawimbi.)

Gatini Thong Sala, kule Phangan, zilitungoja pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, kama chai maharage za Dar enzi zile. Nikapanda, magoti kwa magoti na mama mwenye kikapu cha samaki.