Mrututu na Ndoo ya Mama

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), katika shule ya bweni iliyokuwa mbali na kwetu Kilimanjaro, na mada ya elektrokemia, yaani kemia ya umeme, ilipotufikia niliinakili kutoka ubaoni kwa wiki mbili bila kuielewa. Tulifundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi waliotutangulia walikuwa wametuachia kauli ya kukariri iliyomhusu fahali na paka mwekundu, "an ox, red cat": herufi za majina ya wanyama hao kwa lugha hiyo hukumbusha kwamba kwenye anodi ndiko kwenye oksidesheni, yaani kupoteza elektroni, na kwenye kathodi ndiko kwenye ridaksheni, yaani kuzipokea. Ningeweza kumtaja fahali na paka wake hata usingizini, lakini mtu angeniuliza ni nini hasa kinachotokea kwenye kile kipande cha metali, ningemtolea macho tu.

Jumamosi moja mwalimu wetu wa kemia alituita maabara na kututaka tuje na betri za redio zilizokwisha, zile kubwa. Stoo ya maabara ilikuwa na mrututu, yaani kopa salfeti, ikawa pia na zinki salfeti, potasiamu naitreti na voltimita moja ya mshale, lakini vipande vya zinki vilikuwa vimekwisha zamani. Tulizipasua betri kwa kisu na koleo, tukakung'uta ungaunga mweusi uliotuchafua hadi viwiko, tukachomoa kijiti cha kaboni cha katikati, na kilichobaki mkononi kilikuwa kikombe cha zinki kilicholika vibaya. Mwalimu alikichukua kimoja akakielekeza dirishani, mwanga ukapenya kwenye vitundu vyake kama unavyopenya kwenye chujio.

"Hapa palikuwa na zinki," alisema kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Imekwenda kuimba redioni."

Maelekezo yalikuwa kwamba kila kundi litumie bika mbili, vile vikombe vya maabara, moja ya zinki salfeti na nyingine ya mrututu. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini kusikokuwa na msingi, niliona bika ya pili ni usumbufu. Nilikata ukanda wa zinki nikautumbukiza ndani ya mrututu pamoja na waya wa shaba, kisha nikaunganisha voltimita. Mshale ulipanda, ukasita, ukaanza kurudi nyuma taratibu. Wakati huohuo ukanda wa zinki ulikuwa umeota kitu cha rangi ya kahawia nyeusi, laini kama ukungu wa mkate uliolala, ambacho kiliporomoka vipandevipande kila nilipoutikisa. Nilipoishika bika niliikuta ina uvuguvugu.

Mwalimu alisimama nyuma yangu, akatazama kwa muda, kisha akasema bila ukali: "Mwanangu, umetengeneza joto. Mimi nilikuagiza umeme."

Wenzangu walicheka, lakini mimi nilikuwa nimeduwaa kwa sababu nyingine kabisa, kwani ukungu ule nilikuwa nimewahi kuuona. Nyumbani tulinyunyizia kahawa mrututu uliochanganywa na chokaa, dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na baba aliuyeyushia kwenye pipa la plastiki huku bomba lake la mgongoni likiwa na tangi la shaba. Siku moja nikiwa darasa la sita alinituma niuyeyushe mwenyewe. Pipa lilikuwa na maji ya ng'ombe, basi nikachukua ndoo ya bati ya mama, mpya, nikauacha humo usiku kucha. Asubuhi ndani ya ndoo kulikuwa na tope jekundu, na baada ya siku chache ikaanza kuvuja kwenye mshono wa chini. Nilichapwa, na baba akanifafanulia kwa neno moja alilolijua kila mkulima wa mlimani, kwamba mrututu hula bati. Unalaje, hakuna aliyesema.

Sasa nililiona jibu likielea ndani ya bika. Ndoo ile ilikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Atomu ya zinki hupoteza elektroni mbili ikawa ioni, yaani atomu yenye chaji, na kuingia majini. Ioni ya shaba, ambayo ndiyo inayoupa mrututu ubuluu wake, huzipokea elektroni hizo mbili ikageuka metali na kuganda papo hapo. Zinki ikimalizika, chuma nacho hufuata njia hiyohiyo. Tope jekundu nililochapwa kwalo lilikuwa shaba. Tena ile shaba, ikishaganda juu ya bati, hufanya nalo seli, yaani betri, ndogondogo zisizohesabika ambazo huharakisha ulaji, na nadhani ndiyo sababu mshono wa ndoo ya mama haukumaliza hata wiki.

Nilimweleza mwalimu habari za ndoo. Alivuta kiti akakaa, akaniambia kwamba mmenyuko wa ndooni na ule wa kwenye seli ni mmoja, na kilichotofautiana ni njia tu. Zinki inapogusana na mrututu, elektroni huruka moja kwa moja kutoka kwenye atomu hadi kwenye ioni, na nishati yote huishia kwenye joto. Ukizitenga zikawa kila moja na bika yake, elektroni hazina budi kupita kwenye waya, na hapo njiani ndipo tunapozifanyisha kazi. Hilo ndilo alilolifanya Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836, na seli yake ikaja kuendesha simu za maandishi, yaani telegrafu, kwa miaka mingi.

Nilianza upya na bika mbili. Karatasi ya chujio iliyolowekwa kwenye potasiamu naitreti niliilaza kama daraja, ncha moja huku na nyingine kule. Nilipounganisha, mshale ulipiga kushoto, nyuma ya sifuri, nami nikadhani nimeharibu tena. Kumbe nilikuwa nimeufunga waya mwekundu, ule wa chanya, kwenye zinki, kwa sababu kidato cha tatu tulipofanya elektrolisisi, yaani kuchanganua vitu kwa umeme, tuliambiwa anodi ni chanya. Hapa mwalimu alitumia muda mrefu kuliko popote. Alisema chanya na hasi si tabia ya anodi. Tabia yake ni kwamba hapo ndipo elektroni zinapopotezwa. Kwenye elektrolisisi ni betri ya nje inayozivuta elektroni kutoka kwenye anodi, kwa hiyo anodi ni chanya. Kwenye seli kama yetu, zinki yenyewe ndiyo inayozisukuma zitoke, kwa hiyo anodi ni hasi. Kwangu maelezo hayo yalimstaafisha fahali siku hiyohiyo.

Niligeuza nyaya, mshale ukatulia kidogo juu ya volti 1. Kwenye jedwali la volti za metali shaba ina 0.34 na zinki ina hasi 0.76, tofauti yake 1.10, yetu ilipungua kidogo, na kwa ganda la betri kuukuu sikuona haja ya kulalamika. Nilipoinua daraja la karatasi, mshale ulianguka sifuri, nikalirudisha, ukapanda. Nililirudia jambo hilo mara nyingi mno hadi wenzangu wakaniambia niwaachie. Bila daraja, upande wa zinki hujaa chaji chanya na upande wa shaba hubaki na salfeti zisizo na mwenza, elektroni zikakwama. Daraja hupeleka naitreti huku na potasiamu kule, mambo yakaendelea.

Desemba nilipofika nyumbani niliikuta ile ndoo nyuma ya banda la ng'ombe, ikibebea majivu. Niliimwaga, nikakaa juu ya jiwe nikaikwangua ndani kwa msumari, hadi chini ya masizi na kutu nikapata doa dogo, jekundu, lenye kung'aa. Mama alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama.

"Unatafuta nini humo?"

"Shaba, mama."

"Ukiipata ya kutosha, iuze uninunulie ndoo."