Malaika Katika Banda la Kuku
Katika hadithi fupi ya Gabriel García Márquez wa Kolombia, Pelayo anamkuta mzee mwenye mabawa makubwa amelala kifudifudi kwenye matope ya uani kwake, siku ya tatu ya mvua. Kinachonishangaza kila ninapoirudia si mabawa hayo, bali wepesi wa wanakijiji kumzoea: anafungiwa pamoja na kuku, padri anatilia shaka kama kweli ni malaika kwa kuwa haelewi Kilatini, lugha ya Kanisa, na Elisenda, mke wa Pelayo, anatoza senti tano kwa kila anayetaka kumwona. Wasioridhika wanamchoma ubavuni kwa chuma cha kutilia ng’ombe alama, naye anagutuka huku machozi yakimlengalenga.

Katika hadithi nyingine ya mwandishi huyohuyo, maiti iliyoletwa na bahari inapewa jina, Esteban, inashonewa suruali ya kitambaa cha tanga na kuchaguliwa hata wazazi na ndugu. Nashuku kwamba Esteban alipendwa upesi kwa sababu hakuhitaji kulishwa. Yule mwenye mabawa anaporuka kwenda zake, Elisenda, aliyekuwa akikatakata vitunguu jikoni, anashusha pumzi.