Bonyeza mara moja: kumbukumbu ya mradi wangu wa nyuso za Mkomani

Siku ya 1

Mradi wenyewe ni huu: watu 20 wa mtaa wetu wa Mkomani hapa Lamu, kila mmoja picha moja. Nikisema moja, si moja niliyoichagua katika mia. Nabonyeza mara moja, basi. Nimebandika karatasi ya gundi juu ya kioo cha nyuma cha kamera nisije nikachungulia, maana najijua.

Aliyenitia wazimu huu ni Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Nasomea upigaji picha Mombasa, mwaka wa pili, na muhula uliopita mwalimu alitugawia kila mtu bingwa mmoja wa picha za watu ili amsome mpaka amjue. Wenzangu walipata watu wa New York na Paris wenye taa za kila aina. Mimi nikapewa mzee mwenye shuka la kitanda. Nikanuna wiki nzima.

Nasema shuka kwa sababu ni shuka kweli. Keïta alipofungua studio yake mwaka 1948, katika mtaa wa Bamako-Coura, pazia la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua pembeni. Alilitumia miaka kadhaa, kisha akawa anabadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Faida yake ilionekana baadaye sana: uzeeni aliweza kuitambua miaka ya picha zake kwa kutazama kitambaa kilichokuwa nyuma ya mtu.

Wateja aliwapiga uani, kwa mwanga wa jua. Kamera yake kuu ilikuwa ile kubwa ya miguu mitatu, na kila negativu (ile picha ya kinyume ambayo nakala hutolewa kwayo) ilikuwa bapa la sentimita 13 kwa 18. Bapa moja ni pesa. Kwa hiyo mteja alipigwa mara moja, akaenda zake. Lile ndilo lililonifanya niache kununa. Mimi hapa, kwa harusi moja ya binamu yangu kule Shela, nilirudi na picha 1,140 na sikupata hata moja ambayo bi harusi mwenyewe aliipenda.

Siku ya 2

Nimemweleza baba. Yeye ni fundi wa nakshi, huchonga milango na masanduku, na kazi yangu huiona kama mchezo wa watu wasiopenda jasho. Nikamwambia Keïta alifunzwa useremala tangu utotoni, na kwamba alianza picha mwaka 1935 ami yake alipomletea kamera ndogo ya Kodak kutoka safari ya Senegal. Baba akaweka patasi chini.

"Seremala?"

"Seremala, baba."

"Basi huyo yuwayua (anajua). Ubao ukiupiga patasi vibaya hauna wa kukurudishia."

Tangu muhula uanze sijasikia mtu akimweleza Keïta vizuri kuliko hivyo, na nimesoma kurasa nyingi.

Siku ya 4

Mahali: kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya bibi. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, na kiwanda kiko katikati, wazi juu, kuta zake zimepakwa chokaa. Nilidhani mwanga utajileta wenyewe. Wapi! Saa sita mchana jua la hapa linamwagika wima kama mtu anamimina ndoo: paji la uso jeupe, macho mashimo mawili meusi. Nilijaribu kwa mtungi wa maji badala ya mtu (mtungi hauchoki) kila baada ya nusu saa mpaka magharibi.

Saa tisa na nusu ndiyo yenyewe. Jua limeshapita, ukuta wa mashariki bado unalipata kwa juu, na chokaa inaurudisha mwanga chini taratibu, kama umechujwa. Kwa upande wenye kivuli nimetundika kanzu nyeupe ya baba kwenye kamba ili irudishe mwanga kidogo shavuni. Bibi alipoiona akauliza nani kafua kanzu saa hizi.

Vipimo vya leo, kwa atakayejaribu: lenzi ya 50mm, kipenyo (tundu la lenzi) f/4, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 400. Baada ya saa kumi na nusu inabidi ushuke mpaka 1/125 na umwombe mtu asitingishike.

Siku ya 5

Mtu wa kwanza. Aibu tupu.

Nilitaka leso (kanga) iwe pazia langu, kama shuka la Keïta. Nikachukua leso nzuri ya mama, ya buluu na manjano, nikaitundika ukutani kwa misumari miwili. Aliyekaa mbele yake ni ami mwenye duka la pembeni, mtu wa heshima zake, na mali kidogo anayo. Nilihangaika na mwanga, nikahangaika na mabega yake, nikabonyeza. Jioni nikaifungua kwenye kompyuta. Kichwa chake kilikuwa kimefunika nusu ya kwanza ya jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Jina lote lilikuwa "Mtegemea cha nduguye hufa maskini". Kilichobaki kusomeka, kwa herufi kubwa, juu kidogo ya kofia yake ya vito: HUFA MASKINI.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ami mwenyewe hakucheka. Nimemwahidi kumpiga upya, na hapo kanuni yangu ya picha moja imevunjika kabla ya mradi kufikisha wiki. Nimeandika daftarini: namba 1, imefutwa kwa ombi la mwenyewe.

Siku ya 6

Bibi ndiye aliyetatua. "Tia kisutu," akasema. Kisutu ni leso ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ya kwake ya asili haina jina. Hakuna cha kusomeka juu ya kichwa cha mtu. Alikuwa nayo sandukuni, inanuka udi.

Alipokuwa akiitoa akatoa na picha za ujana wake, mojawapo ya studio ya marehemu Omar Said Bakor wa hapa hapa Lamu. Wageni wanaopenda picha za Afrika wanamjua Bakor kuliko sisi vijana wa mji wake. Yeye alikuwa mtu wa mkasi: alikata na kubandika, akamweka mtu mahali ambapo hakuwahi kusimama. Keïta hakukata kitu. Alichofanya ni kumpa mtu vitu vya kuvaa na kushika: suti, tai, saa ya mkono, kalamu, redio, hata skuta. Mtu aliingia fundi baiskeli akatoka karani. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakimpiga mteja alivyotaka kuonekana. Nilikuwa nimekuja na dharau ya kisomi kuhusu hilo, ile ya kusema picha ya kweli ni ya kushtukiza. Nikaitazama picha ya bibi, miaka kumi na tisa, kidevu juu, na sikuona uongo wowote.

Siku ya 9

Namba 2 hadi 5 zimekamilika. Tatizo jipya: nageuza picha ziwe nyeusi na nyeupe, na kwenye kisutu ile nyekundu na ile nyeusi zinakuwa giza moja. Nakshi yote imepotea, kama nimetundika blanketi. Katika programu kuna kipimo cha kila rangi peke yake. Nimepandisha nyekundu, nakshi ikarudi, lakini na midomo ya watu ikapauka pamoja nayo. Niko katikati. Naomba mtu anayejua aniambie.

Jambo hili limenifanya nizitazame tena picha za Keïta za wanawake waliovaa nguo za maua mbele ya pazia la maua. Ukitazama haraka, mtu anazama kitambaani. Ukituliza macho, uso na mikono vinatoka mbele, kwa sababu ndivyo pekee visivyo na nakshi. Mikono hasa. Anaiweka pajani au shavuni, vidole vimenyooka, dhahabu inaonekana. Na mwili mara nyingi haukabili kamera moja kwa moja. Anaugeuza upande kidogo, kisha uso ndio unaokurudia. Mimi nilikuwa nawakalisha watu kama picha ya kitambulisho.

Siku ya 12

Leo khalati, mdogo wake mama. Sura hataki ipigwe, na sikumuuliza mara ya pili. Akasema lakini mikono ndiyo, kwa sababu ametia hina na piko kwa ajili ya harusi ya Ijumaa na hajawahi kupakwa vizuri hivyo.

Nimempiga mikono tu, juu ya buibui jeusi. Tulikaa karibu saa nzima kabla sijabonyeza. Tulizungumza habari za harusi, bei ya samaki, mtoto wake aliyeko Doha. Mikono yake mwanzoni ilikuwa kama ya mtu anayesubiri sindano ya daktari. Alipofika kwenye habari za mtoto, mmoja ukaushika mwingine. Hapo.

Kwa picha zote za akina mama nimeweka utaratibu: natoa nakala moja ya karatasi, naitia faili kwenye fleshi ya mwenyewe, kisha naifuta kwangu mbele yake. Kwa hiyo siku mradi utakapoonyeshwa chuoni, namba 6, 8 na 11 zitakuwa fremu tupu zenye namba. Mwalimu sijui atasemaje. Mimi sioni ubishi hapo.

Siku ya 13

Ijumaa, harusi. Sikupiga.

Siku ya 16

Ghadhabu. Nilipeleka picha nane zichapishwe kwenye duka moja, silitaji, kazi yao kubwa ni picha za pasipoti. Zimerudi na rangi ya buluu kama watu wamezama, na zote zimekatwa juu na chini ili ziingie kwenye kipimo cha karatasi yao. Fundi wa mashua amepoteza kofia. Nilipouliza nikaambiwa mashine ndiyo inayokata. Bibi alipoona nimekaa darini sisemi na mtu, akanipigia kelele kutoka chini: "Ndoo kwanda unwe mai, mato yamekuwa mekundu!" Yaani njoo kwanza unywe maji, macho yamekuwa mekundu.

Nimezituma upya Mombasa na kijana anayesafiri kwa basi. Nimemwambia wasikate chochote, waache ukingo mweupe.

Keïta hakuwa na shida hii. Kwa negativu kubwa vile, karatasi inalazwa juu yake moja kwa moja na picha inatoka kwa ukubwa ule ule, bila kukuza. Kisha anapiga muhuri wenye jina lake. Naambiwa watu wa Bamako walijivunia muhuri ule. Lakini mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, jina lilikuwa limepotea njiani. Maelezo ukutani yalisema mpiga picha hajulikani. Mtu alikuwa hai, mstaafu, yuko Bamako! Alikuwa ameitwa kuwa mpiga picha wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya uhuru, studio ikafungwa, akastaafu mwaka 1977, na maelfu ya negativu alizihifadhi. Ndipo mfaransa mmoja, André Magnin, alipokwenda Mali kumtafuta mwenye picha zile, na mwaka 1994 zikatundikwa Paris kwa jina lake, katika Fondation Cartier. Alifariki mwaka 2001, mjini Paris.

Nimenunua kalamu isiyofutika. Nyuma ya kila picha naandika jina la aliyepigwa, mtaa, tarehe, na jina langu chini, dogo.

Siku ya 20

Namba 16: baba. Nilimwacha makusudi mpaka mkono uzoee.

Alikataa kiti cha bibi, akasema kinayumba, akaenda kuleta vyombo na kukigonga mguu. Robo saa. Kisha akakaa upande, patasi mkononi, bila kuambiwa, uso ukanigeukia kama vile amesoma kurasa zile zile nilizosoma mimi. Wingu likapita juu ya kiwanda. Tukangoja. Punda akalia nje, wote tukangoja na punda. Mwanga uliporudi ukamkuta amesahau kamera, anautazama mguu wa kiti, na alipoinua macho nikabonyeza.

Siku ya 23

Picha zimefika kutoka Mombasa, safi, ukingo mweupe pande zote nne. Ya baba ndiyo bora katika zote. Macho yake yamenasa dari lote la mwanga wa kiwandani, nakshi ya kisutu inaonekana, na shavu la kivulini halikufa, kanzu ilifanya kazi.

Baba ameishika karibu na dirisha, muda mrefu. Kisha akaweka ukucha kwenye kona ya chini.

"Kidole umenikata."

Kweli. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimeishia nje ya fremu. Nilikuwa nikitazama macho. Nikamuuliza kama angependa nipige nyingine, kwa kuwa ami nilimrudia. Akasema ami alikuwa na haki yake. Akatafuta msumari, akaipigilia mwenyewe juu ya meza yake ya kazi, pembeni mwa mfano wa nakshi ya mlango alioukosea zamani, ambao pia hajawahi kuutupa.

Wamebaki wanne. Mmoja ni nahodha aliyeko Matondoni kwa matengenezo ya jahazi lake, na ameniambia atakuja akimaliza kupaka mafuta. Kisutu nimekirudisha sandukuni kwa sasa, bibi anasema chumvi ya upepo inakila.