Mwenye kisukari na jiwe la figo: mkojo uoteshwe kabla ya upasuaji

Mwenye kisukari anayekwenda kutolewa jiwe la figo huulizwa sana habari za moyo na presha. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: mkojo umeoteshwa, yaani umewekwa maabara kuona kama bakteria watakua, na majibu yametoka? Maambukizi yanayomwangusha mgonjwa baada ya upasuaji huu, mara nyingi aliingia nayo thieta, yakiwa kwenye mkojo au ndani ya jiwe lenyewe.

Jiwe lina matabaka na vitundu, na bakteria hujificha humo mahali ambapo dawa haifiki. Mengine hujengwa na bakteria wenyewe, hasa Proteus, mpaka jiwe likachanua kama pembe ndani ya figo. Daktari anapolivunja kwa leza, vimelea na sumu zao humwagika, na wakati huohuo maji ya kusafishia yanasukumwa figoni. Msukumo ukizidi ule wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 40 hivi, uchafu ule hurudi nyuma ukaingia kwenye damu. Ndiyo sababu mfuko wa maji hautundikwi juu mno, na kazi ikivuka dakika 90 ni busara kusimama na kumalizia siku nyingine.

Kisukari huongeza uzito. Sukari ikiwa juu, chembechembe nyeupe za damu huchelewa kufika na hushindwa kumeza bakteria vizuri. Neva za kibofu zikiharibika, mkojo haumaliziki, nao uliotuama ni shamba la vimelea. Tena dalili hufifia: maumivu kidogo, homa haipandi sana, kumbe figo iko hatarini.

Sasa kipimo. Jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kichupa cha maabara kisicho na vimelea, kifike ndani ya saa 2 au kikae kwenye friji. Chukua kabla ya kumeza antibayotiki yoyote. Majibu huchukua siku 2 au 3, na vimelea vikiota, tiba inahitaji siku kadhaa. Kwa hiyo pima wiki 2 kabla ya tarehe ya upasuaji. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake hakitoshi.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki iitwayo ciprofloxacin. Nasisitiza, usifanye hivyo. Vimelea vingi vya mkojo vimeshakuwa sugu kwake. Na kwa anayemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, ciprofloxacin inaweza kuishusha sukari kwa kasi hadi akapoteza fahamu. Dawa ichaguliwe na majibu ya kuotesha, kisha dozi ya kinga ipitie kwenye mshipa ndani ya dakika 60 kabla ya upasuaji kuanza.

Majibu masafi nayo yasikulevye. Jiwe likiwa limeziba, mkojo wa kibofuni unaweza kuwa safi huku ule ulio juu ya jiwe umeoza. Omba mkojo wa figoni na kipande cha jiwe vioteshwe siku ileile. Homa ikija kesho yake, daktari atajua anapigana na nani. Na usaha ukionekana mara tu anapofika kwenye figo, anatakiwa aache jiwe palepale, aweke mrija wa kupitisha mkojo, atoke.

Upande wa sukari, kipimo cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kikizidi asilimia 8.5 na jiwe linaweza kusubiri, sukari ishushwe kwanza. Dawa za kisukari dapagliflozin na empagliflozin husimamishwa siku 3 kabla, maana zinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu hata sukari ikisoma kawaida, na glukomita haitakwambia kitu. Asubuhi ya upasuaji glibenclamide na metformin huachwa. Insulini ya muda mrefu haiachwi. Kwa kawaida hupunguzwa kufikia asilimia 80 ya dozi, kwa maelekezo ya daktari wa usingizi. Lengo ni sukari ya milimoli 6 hadi 10 kwa lita, ikipimwa kila saa moja au mbili.

Haya yote ni ya upasuaji uliopangwa. Jiwe limeziba na homa ipo? Hiyo ni dharura ya saa, si ya wiki. Mkojo ufunguliwe njia kwanza, kwa stenti, yaani mrija mwembamba wa ndani unaotoka figoni hadi kibofuni, au kwa mrija unaoingizwa figoni kupitia mgongoni, na jiwe lisiguswe mpaka maambukizi yaishe.

Baada ya thieta, saa 48 za mwanzo ndizo za kukesha. Joto likipita 38 au likishuka chini ya 36, mapigo ya moyo yakienda mbio, pumzi ikawa fupi, maneno yakaanza kuchanganyika, au sukari ikapanda wakati mgonjwa hajala, muite muuguzi papo hapo. Ndugu anayelala wodini aambiwe dalili hizi mapema, kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza.

Kama umeachiwa stenti ndani, usitoke wodini bila tarehe ya kuitoa, iliyoandikwa kwenye cheti na kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani. Ikipita mwezi ikiwa ndani, bakteria huigandia na uwezekano wa homa huongezeka. Ikikaa miezi mingi huota mawe juu yake, na kuitoa kunahitaji upasuaji mpya.