Kidogo Kidogo, Hata Utakapoongezeka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Kutoka 23:29-30: "Sitawafukuza mbele yako katika mwaka mmoja, nchi isiwe ukiwa, na wanyama wa bara wakaongezeka kukusumbua. Nitawafukuza kidogo kidogo mbele yako, hata utakapoongezeka wewe, na kuirithi hiyo nchi."

Tumezoea kuzipigia vigelegele ahadi za Mungu za kuwafukuza adui zetu, na hapa ahadi hiyo ipo. Ila safari hii Mungu anaeleza pia kwa nini hataitimiza kwa siku moja. Uwezo anao, aliyeigawa bahari asingeshindwa na Mhivi wala Mkanaani. Anachokitazama ni hali ya watu wake. Bado ni wachache, hawajaweza kuijaza nchi, na nchi ikibaki tupu ghafla, wanyama wa porini wataingia na kuwararua. Kwa hiyo kule kuchelewa kulikuwa ulinzi.

Nimelileta neno hili kwa sababu ya jambo ambalo katika jumuiya zetu hapa Moshi halitajwi kabisa. Kuna waamini wenzetu walionaswa na vidonge vya usingizi, vile vilivyoandikwa na daktari, kwa cheti, kwa halali kabisa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nawaambia kwa uchungu: ni wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao ni watu wazima, wacha Mungu, wanaokaa viti vya mbele.

Mama mmoja ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja. Alimzika mumewe kule migombani. Matanga yakaisha, watoto wakarudi Dar es Salaam, nyumba ikabaki kimya, usingizi ukamkimbia. Katika kituo kimoja cha afya akapewa diazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja kila usiku kwa wiki 2. Akalala. Wiki zile zilipokwisha akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu hakuna aliyemuuliza kitu. Baadaye hata cheti hakikuhitajika: leo ananunua duka la dawa karibu na stendi, wiki ijayo Majengo, siku nyingine akipita soko la Kiboriloni, ili muuzaji asimkariri sura. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Kwenye kwaya akaanza kusahau beti za nyimbo alizozijua tangu kipaimara. Usiku mmoja akaanguka kati ya kitanda na mlango, akaumia nyonga. Asubuhi majirani wakimpitia, "Umeamkaje, mama?" jibu lake lilikuwa lile lile: "Salama, namshukuru Mungu."

Miaka ikapita hivyo. Hakumwambia mtu, kwa kuwa katika mawazo yake, na katika mawazo yetu sisi sote, mraibu ni kijana wa kijiweni anayevuta unga. Hakuwahi kusikia kwamba hizi nazo huitwa dawa tiba zenye asili ya kulevya, na kwamba diazepamu iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1984, kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Dawa hii ilipoingia sokoni mwaka 1963 ilipokelewa kwa furaha, maana ilikuwa salama kuliko dawa za usingizi zilizoitangulia. Na kwa siku chache inasaidia kweli. Hospitalini huokoa hata maisha. Shida ni pale siku chache zinapogeuka miaka.

Alipochoka kubeba siri hiyo, alikwenda kwenye maombi ya kufunguliwa. Aliyemwombea akamwambia, "Mama, kama unaamini, nenda ukavitupe vyote usiku huu." Akavitupa chooni, kila kimoja. Siku za kwanza alikesha akiimba. Kisha ikaja mitetemeko ya mikono, jasho la kuloanisha shuka, moyo kwenda mbio, mwanga wa taa kumchoma macho. Siku moja mchana, mkwe wake akiwa jikoni, mama akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Waliofika kwanza wakasema ni pepo amekasirika kwa kuwa ametolewa.

Haikuwa pepo. Nalisema hili wazi, kwa kuwa kwa kusema vile tunaweza kuua mtu.

Ninyi mliokulia mlimani mnaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji mashambani. Chukua nyumba yenye mfereji wake mdogo. Jirani akaanza kuwapa maji kutoka mfereji wake mkubwa. Wakaacha kuzibua wa kwao, ukajaa tope na majani. Sasa jirani akifunga maji kwa siku moja, migomba inakauka, na mfereji wao wenyewe haupitishi hata tone. Ubongo wa mwanadamu una utulivu wake ambao Mungu ameuumba ndani yake. Kidonge kikiongeza utulivu wa nje kila usiku kwa muda mrefu, ubongo hupunguza ule wa kwake. Ukikiondoa ghafla, hakuna kinachouzuia usiwake moto: wasiwasi, kutetemeka, usiku bila lepe la usingizi, na kwa wengine kifafa ambacho hawakuwa nacho kabla. Ndio wale wanyama wa bara wanaoingia katika nchi iliyoachwa tupu.

Mkwe wake alimpeleka hospitali bila kungoja kikao cha ukoo, Mungu ambariki binti yule. Daktari akamrudishia dawa. Baadhi ya ndugu walikwazika: "Tumetoka kumfungua, wanamfunga tena?" Lakini yule daktari alikuwa anafanya kile kile tulichokisoma katika Kutoka. Alimpangia kushuka kidogo kidogo. Kwa kawaida hupunguzwa asilimia 5 hadi 10 ya dozi, kila baada ya wiki 2 hadi 4, huku mgonjwa akiangaliwa. Akilemewa, anasimama hapo alipofika mpaka mwili utulie, ndipo aendelee. Kwa aliyetumia miaka mingi, safari inaweza kuchukua miezi mingi, hata kupita mwaka. Kule Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wa namna hii tangu 1982 hadi 1994. Hao walikuwa wagonjwa walionaswa kwa kufuata maagizo ya daktari. Aliketi akawasikiliza, na mengi ambayo madaktari wanayafuata leo kuhusu kushuka taratibu, kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe, yametokana na kusikiliza kule.

Nimekaa na mama yetu mezani jioni anapoandaa dozi yake. Sahani nyeupe, wembe mpya, daftari la shule lenye mistari. Kidonge kina alama katikati. Anaweka wembe pale, anabonyeza kwa kidole gumba, kinapasuka mara mbili. Nusu anaikata tena. Robo moja huvunjika vibaya kila mara, anakusanya unga wake kwa ncha ya kidole na kuulamba, maana hataki kupoteza wala kuzidisha. Kisha anaandika tarehe, dozi, na saa aliyoamka jana yake. Vilivyobaki mkwe anavifungia kabatini kwake. Wamekubaliana hivyo wenyewe, na mama haoni aibu kumwomba mkwe wake amtunzie.

Kuna andiko moja lililomuumiza sana katika safari hii, na waliomtupia walidhani wanamtia moyo: Zaburi 127, kwamba Bwana "humpa mpenzi wake usingizi." Akaelewa hivi: basi mimi nisiyelala si mpenzi wake. Wapendwa, tusilitumie Neno hivyo. Zaburi ile inamtuliza mtu anayedhani nyumba inasimama kwa jasho lake peke yake. Haikutolewa iwe kipimo cha nani anapendwa na nani hapendwi. Yule ambaye sauti kutoka mbinguni ilimwita Mwana mpendwa alikesha mlimani usiku kucha akiomba (Luka 6:12), na Gethsemane alikuwa macho huku rafiki zake wakikoroma. Asafu naye, katika Zaburi ya 77, analalamika mbele za Mungu kwamba kope zake zimezuiwa zisifumbe. Alilalamika ndani ya maombi, wala hakufukuzwa. Ukiwa macho saa nane usiku unaweza kuomba maombi ya Asafu kama yalivyo, hata kama huna nguvu ya kuimba.

Na wanaouliza kama kwenda hospitali ni kupungukiwa imani, wasome habari za Hezekia, 2 Wafalme 20. Mfalme aliomba kwa machozi, Mungu akajibu, "tazama, nitakuponya". Nabii aliyeleta jibu hilo hilo ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona kwamba tini zinaidharau ahadi. Sioni kwa nini sisi tuone hivyo kwa wembe na daftari.

Usingizi wenyewe unarudi polepole, na usiku mmoja mzuri hufuatwa na mitatu mibaya. Kliniki walimfundisha mambo ambayo ningependa kila mmoja wetu ayajue, hata asiyetumia dawa: kuamka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana kwa muda mrefu, kahawa na chai ya rangi ziishie mchana (kwetu hapa hilo ni gumu, najua), na usingizi ukigoma, kutoka kitandani, kukaa sebuleni kwa mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito, ili kitanda kisigeuke uwanja wa mapambano. Yeye huchambua maharage. Nimekuta debe zima la maharage safi jikoni kwake, hayana hata kokoto.

Kwa walio karibu na mtu wa namna hii: msimwulize kila Jumapili, "Bado unatumia?" Mnamharakisha, na kuharakishwa ndiko kulikomwangusha. Muulizeni kama amekula, mwende naye kliniki, mmsaidie nauli. Na Desemba, ndugu wote wakipanda nyumbani kwa sikukuu, mtu asimsukumie mbege kwa kisingizio cha heshima ya ukoo. Vidonge hivi na pombe ya aina yoyote vikikutana vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa usingizini, na asubuhi mkamkuta ameshaondoka.

Nakuomba pia usichukue maneno haya ukaanza kukata vidonge mwenyewe. Mwingine amepewa dawa hizi kwa ajili ya kifafa, mwingine ana dawa za ugonjwa wa akili ambazo ni tofauti kabisa na hizi na zinamshikilia vizuri. Hao wasiguse dozi zao kwa sababu ya tafakari hii. Kila mmoja aongee na daktari wake, aseme ukweli wote, pamoja na vile alivyonunua bila cheti. Vidonge vyako visikufanye ujifiche; Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa, na watabibu wapo hata sasa wa kukusikiliza bila kukuaibisha.

Tuombe. Bwana, unawajua walio macho usiku huu katika Pasua, Rau, Soweto na kule juu migombani. Uwape mtu wa kumwambia. Uwape madaktari hekima, na wauza dawa hofu yako. Utusamehe tulioita pepo kile kilichokuwa ugonjwa. Katika jina la Yesu. Amina.

Mama bado anatumia, nusu kidonge kwa usiku, na wiki hii daktari amemwambia asipunguze kwanza kwa sababu ana mafua makali. Jumatano jioni jumuiya inakutana kwake. Tufike mapema ili tuondoke kabla ya saa tatu, apate kulala kwa saa yake. Yeyote mwenye vidonge vya namna hii nyumbani na anayeogopa kwenda kliniki peke yake, anione baada ya ibada au amtume mtu. Aje navyo katika pakiti yake, bila kuvitupa na bila kuruka dozi, nami nitakwenda naye.