Kabla hujabisha hodi kwa mama aliyekuzaa

Mtu mzima aliyeasiliwa akiamua kutafuta alikotoka, mara nyingi huanzia Facebook. Anaweka picha yake ya utotoni, anaandika "namtafuta mama yangu, nilizaliwa Nairobi mwaka 1988", na watu wanasambaza. Kiu hiyo naielewa. Lakini nakusihi, usianzie hapo. Mama unayemtafuta huenda ameolewa miaka thelathini sasa, na mumewe hajui kwamba aliwahi kuzaa kabla yake. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliozaa ilikuja Kenya mwaka 1994. Kabla ya hapo mimba ilikuwa mwisho wa masomo, na wasichana wengi walipelekwa kwa shangazi mjini wakajifungue kimyakimya. Hatua ninazoeleza hapa nimezipanga ili siri hiyo ibaki mkononi mwa mwenyewe mpaka aamue yeye kuifungua.

Anza na karatasi zilizo nyumbani, na waambie wazazi waliokulea kabla hujaziomba. Wakija kusikia kwa mtu wa nje, jeraha lake huchukua muda mrefu kupona, na wao ndio wenye bahasha unayoihitaji. Unachotafuta ndani yake ni amri ya mahakama ya kuasiliwa. Juu yake pana namba ya shauri na mwaka, na mara nyingi jina ulilokuwa nalo kabla hujapewa la sasa. Inakili mistari hiyo herufi kwa herufi, hata ukiona imekosewa. Cheti chako cha kuasiliwa hakitakusaidia sana kwa hili, kwa sababu kimeandikwa wazazi waliokuasili.

Msajili Mkuu anayo daftari inayounganisha kuzaliwa kwako na kuasiliwa kwako, ila haifunguliwi kwa umma, na taarifa zake hazitolewi bila amri ya mahakama. Kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuwabembeleza makarani. Akitokea mtu kwenye korido akakuambia "nitakutolea faili kwa kitu kidogo", ondoka. Njia halali ni kupeleka ombi mahakamani kupitia wakili, ukiambatanisha hati ya kiapo inayoeleza sababu. Sababu mahususi ina uzito zaidi, kwa mfano barua ya daktari inayoonyesha kwamba historia ya ugonjwa katika ukoo itabadilisha matibabu yako.

Kabla hujafika huko, jaribu mafaili mengine. Shirika lililopanga kuasiliwa kwako lina faili. Kituo cha watoto ulikolelewa kina daftari ya kupokea watoto. Ofisi ya watoto ya eneo hilo nayo huenda ina ripoti yake. Kwa ofisi ya serikali, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 21. Kwa kituo au shirika, taja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona taarifa zako binafsi. Usiandike "naomba habari za mama yangu", kwa sababu hapo umeomba taarifa za mtu mwingine na watakunyima. Omba nyaraka kwa majina: fomu ya kupokelewa, hati ya ridhaa (ambayo mama alitia saini kukubali uasiliwe), ripoti ya afisa wa ustawi, barua ya polisi, kadi ya kliniki. Wakikupa nakala iliyofutwa jina la mama kwa wino mweusi, ipokee. Umri wake, idadi ya ndugu zake, darasa aliloishia na dini yake kwa kawaida huachwa, na hayo manne baadaye yatakusaidia kumtambua.

Tazama tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya ridhaa. Kwa walioasiliwa chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, mtoto alipaswa kutimiza angalau wiki 6 kabla shirika halijaanza mipango ya kuasiliwa. Kwa hiyo hati ya ridhaa ilitiwa saini baada ya mama kutoka hospitali, na mahali alipotia saini panaweza kuwa karibu zaidi na alipokuwa akiishi kuliko ile hospitali.

Ukiwa uliokotwa, jina la mama halipo kabisa. Kilichopo ni namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, pamoja na jina la aliyekuokota. Mtafute huyo. Mama mboga aliyekuta mtoto kando ya kibanda chake alfajiri hasahau, na majirani zake nao walikuwa na lao la kusema kuhusu ni nani alikuwa mjamzito mtaani.

Sasa jina. Hapa ndipo watu hupoteza miaka. Jina la tatu la mwanamke kwenye fomu linaweza kuwa la baba yake au la mume, na pengine ni la uongo kabisa. Jina la Kijaluo kama Achieng' linaeleza alizaliwa saa ngapi tu, halikupeleki kwenye ukoo wowote. Kwa Wakikuyu, mtoto wa mama asiyeolewa kwa desturi hupewa jina la upande wa mama, kwa hiyo kama kwenye faili uliitwa Kamau, inawezekana kabisa Kamau ni babu yako mzaa mama. Hata hivyo hakikisha jina hilo hukupewa na muuguzi. Tafuta pia tahajia zote: Wanjiru na Wanjiro, Kalume na Karume. Na mipaka imehama. Wilaya ya Machakos ya mwaka 1985 ilikuwa na Makueni ndani yake mpaka 1992, na Kakamega ilikuwa na Vihiga mpaka 1990. Ukimwendea chifu wa leo na jina la lokesheni la zamani, mwulize kwanza iligawanywa vipi. Usimwambie unamtafuta nani wala kwa nini. Chifu ni mtu wa baraza, na jambo linalofika kwake linafika sokoni. Mzee wa kijiji aliyestaafu hukumbuka mengi zaidi na huulizwa kwa utulivu.

Karatasi zikigoma, kuna DNA. Wakenya waliopima kwa ajili ya ukoo bado ni wachache, na wengi wanaopatikana kwenye hifadhi za kampuni za upimaji wanaishi Marekani, Uingereza na Kanada, kwa hiyo wa kwanza kuonekana huenda akawa binamu aliyeko Texas. Kampuni za FamilyTreeDNA na MyHeritage hutumia pamba ya kusugua shavuni, AncestryDNA hutumia mate. Kwa mate, usile, usinywe wala kuvuta sigara kwa dakika 30 kabla, la sivyo sampuli inaweza kukataliwa. GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA, inakuruhusu kupakia matokeo uliyopata kwingine bila malipo.

Matokeo huja kwa kipimo cha sentimogani, yaani kiasi cha DNA mnachoshiriki: namba ikiwa kubwa, undugu ni wa karibu. Mzazi huwa karibu 3,500, ndugu wa baba na mama mmoja karibu 2,600. Ndugu wa mzazi mmoja huwa karibu 1,750, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu babu, bibi, shangazi na mjomba nao huangukia karibu na hapo. Umri ndio unaoamua. Binamu wa kwanza ni karibu 870, wa pili karibu 230. Walio chini ya 20 waweke kando, hasa Wamarekani weusi watakaojitokeza kwa wingi: undugu wenu ni wa zamani mno kukupeleka kwa mama. Ukoo wenye mitala humwaga ndugu wa mzazi mmoja kila upande, na pale ambapo mabinamu huoana, kama kwa baadhi ya familia za Pwani na za Kisomali, namba hupanda na kumfanya ndugu wa mbali aonekane wa karibu. Kipimo cha upande wa kiume pekee kinasaidia kidogo hapa kwetu kwa sababu majina yetu hayarithiwi vizazi kumi kama ya Wazungu.

Mama akipatikana na akikubali, malizeni kwa kipimo cha maabara kati yenu wawili. Usipime na ndugu wa mzazi mmoja kwenye maabara za kawaida za uzazi, kwani wanasoma vialama vichache vya DNA na jibu mara nyingi halina uhakika.

Weka akiba ya mambo mawili ambayo humwambii mtu yeyote, kwa mfano rangi ya blanketi lililoandikwa kwenye fomu na alama ya mwilini uliyozaliwa nayo. Matapeli wapo, na mama wa uongo hulia vizuri kuliko wa kweli. Anayedai kuwa mama yako, muulize aeleze yeye kwanza.

Ukishapata namba ya simu, usitume ujumbe. Simu za nyumbani hushikwa na wengi, na mjukuu ndiye anayesoma SMS. Ukitaka kuhakikisha namba, anza kutuma pesa kwa M-Pesa, jina litatokea, kisha katisha kabla ya kukamilisha. Kumbuka laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe. Piga siku ya kazi, asubuhi ya saa nne hivi, na swali lako la kwanza liwe hili: "Mama, uko mahali unaweza kuongea?" Akisema hapana, uliza upige lini, basi. Akisema ndiyo, taja hospitali na mwezi, kisha nyamaza: "Natafuta mtu aliyekuwa Pumwani Aprili 1991. Sitaki kitu. Niko salama, nililelewa vizuri." Usimwite "mama yangu" wala kutaja neno mtoto mpaka yeye alitaje.

Pengine atakata simu. Pengine atasema umekosea namba kwa sauti ambayo wewe utaijua si ya mtu aliyekosewa. Jibu, "Samahani mama, namba yangu ni hii uliyoiona," na usipige tena. Baadhi hurudi baada ya miezi, wakitumia simu ya jirani. Ukimfuata nyumbani kabla ya hapo, unamlazimisha akukane mbele ya watu, na akishakukana mbele ya watu ni vigumu mno kwake kurudi nyuma.

Akikubali kukutana, achague yeye mahali, na mara nyingi atachagua mji ambao hajulikani. Lipa nauli yake. Usiende mikono mitupu, lakini pakiti ya majani ya chai, sukari na leso vinatosha. Ukifika na vitu vikubwa siku ya kwanza, ndugu watakaosikia baadaye watakuja na maombi ya karo. Andaa maswali ya afya: sukari, presha, selimundu, saratani ya matiti, na waliotangulia walifariki na umri gani. Swali la baba lisiwepo siku hiyo. Wengine hawakumchagua huyo baba, na mama aliyeulizwa mapema mno huacha kupokea simu. Atakapokuwa tayari ataanza mwenyewe, kwa kawaida mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mboga au mnasubiri gari stendi.