Plafo la Karmann Ghia na shingo yangu

Mimi nina mita 1.91. Gari nililoachiwa na baba mdogo, Volkswagen Karmann Ghia la mwaka 1968, lina mita 1.33 kutoka lami hadi juu ya bati. Miaka minne nimezunguka Lubumbashi kichwa kimelala begani kama kuku anayesikiliza mwewe. Watu wa Kampemba walidhani ni maringo.

Kila niliyemlalamikia alinipa dawa ileile: punguza sponji ya kiti. Nilipunguza. Nikapata sentimita mbili na maumivu ya mgongo, maana sasa nilikuwa nakalia springi. Hakuna aliyeniambia nitazame juu.

Plafo (dari ya ndani ya gari) la kiwandani kwenye magari haya linaning'inia. Kuna vyuma vyembamba vilivyopinda, vimepitishwa ndani ya mikunjo iliyoshonwa mgongoni mwa kitambaa, na kati ya kitambaa na bati kuna nafasi tupu. Siku kitambaa changu kilipochanika niliingiza mkono nikapima: vidole vitatu. Vidole vitatu vyangu, na vimekaliwa na hewa!

Fundi mmoja wa kushona viti akaniambia, "Papa, aina matata. Tunatosha ile yote, tunabandika kitambaa na sponji yake moja kwa moja kwa bati. Mi hii kazi minafanyaka tangu zamani." Alitumia gundi ya mafundi viatu. Nilimlipa kama dola arobaini, pamoja na soda. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi za baridi, kazi ikapendeza mno. Nilikaa na kichwa kimenyooka, nikapiga honi bila sababu.

Oktoba ikafika. Anayejua jua la Oktoba hapa kwetu anajua bati linavyokuwa kabla ya mvua kuanza: huwezi kulishika kwa kiganja. Gundi ile inalainika kwenye joto, na sponji yenyewe inaoza polepole na kuwa unga. Jumapili moja nilikuwa nampeleka mama mkwe kanisani. Tuko kwenye chaussée de Kasenga, magari mbele na nyuma, nasikia sauti kama mtu anararua karatasi taratibu. Nikajifanya sijasikia. Mama mkwe naye, kwa heshima, akajifanya hajasikia. Halafu plafo lote likaachia kutoka mbele kwenda nyuma likatufunika sisi wawili, kilemba chake, miwani yangu, usukani, vyote, na unga wa sponji ukatumwagikia kama tumetoka kusaga mahindi. Nikakanyaga breki nikiwa gizani. Nyuma wakaanza kupiga honi. Na kutoka chini ya kile kitambaa ikaja sauti ya utulivu kabisa: "Mwana yangu, gari yako inanifunika sawa maiti, na mi ningali muzima?"

Tulifika kanisani na madirisha wazi, yeye ameshika kitambaa juu kwa mikono miwili kama mtu anayesifu kabla ya wengine.

Hapo nikaapa kwamba plafo langu litakuwa gumu, jembamba, na halitategemea gundi kujishikilia. Wazo lilikuwa ganda la nyuzi za kioo na rezini (utomvu wa viwandani unaoganda ukawa mgumu), lenye umbo la bati lenyewe. Rezini niliipata kwa wauzaji wa rangi za magari, mzigo unaopitia mpakani Kasumbalesa. Kwa yote nilitumia dola themanini, labda mia na kitu. Nyumbani nilisema hamsini.

Jaribio la kwanza nililala chali ndani ya gari nikipaka rezini juu. Sitaki kusimulia sana. Rezini inajua njia moja tu, ya chini. Nilinyoa nywele na ndevu zote, na mke wangu akauliza kama nimefiwa.

Ujanja ulinijia nikiwa naosha gari. Bati la paa ni ganda moja; juu lina umbo lilelile la ndani, tofauti ni unene wa bati tu. Kwa nini nihangaike chini wakati juu rezini italala yenyewe? Nikapaka paa nta ya sakafu mara nne, nikaling'arisha, nikalivika nailoni iliyokazwa vizuri, nikaweka tabaka mbili za nyuzi. Unene ukawa kama milimita 2. Mtu atasema: si litakuwa kubwa kuliko ndani? Ndiyo, kidogo sana. Ukipunguza kingo linaingia kwa kubanwa, na kule kubanwa ndiko kunakolisukuma juu na kulishika. Kasoro niliyoiogopa ikawa msumari wangu.

Dawa ya kukaza ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini. Kijana wa dukani alinishauri niiweke mara tatu kwa sababu ya baridi. Bakuli langu likachemka, likatoa moshi, likapasuka. Nikataka kuleta mbabula (jiko la mkaa) kupasha joto, mke wangu akaniondolea kiberiti mkononi, na alikuwa na haki, mvuke ule unashika moto. Ngoja saa sita mchana, jua litafanya kazi bure.

Ganda linaingilia palipokuwa kioo cha mbele. Vioo lazima vitoke kwa vyovyote, maana kingo za kitambaa zinakunjwa chini ya mpira wa vioo hivyo.

Kitambaa nilitaka kitenge. Mama mmoja mshonaji wa Katuba alinicheka: kitenge hakivutiki, kwenye shimo kama bakuli kitafanya makunyanzi. Kisha akakikata kwa mshazari, pembe hadi pembe, kikaanza kutii. Chini yake tuliweka flaneli nyembamba ya blanketi ya mtoto, la sivyo alama za nyuzi zinaonekana kama mbavu. Anza kubandika katikati, nenda nje, na gundi iwe ile ya kuvumilia joto. Kwenye kingo niliazima vibanio vya nguo vya jirani wote. Vingine bado sijarudisha.

Sasa kati ya utosi wangu na plafo vinapita vidole viwili, na kofia ya majani nikiinamisha kidogo. Mvua ikinyesha kelele ni kubwa kuliko zamani, hilo nakubali, kwa hiyo siongei na mtu hadi ikatike. Ila nilifunika matundu ya skrubu za kioo cha kutazama nyuma kabla ya kuyawekea alama, nikayatafuta kwa sindano, na nikakosea sentimita moja hivi. Kwa hiyo nikitazama nyuma namwona abiria.